Nafasi ya Kumi na Mbili Kwenye Mstari

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Naliaka, mhariri wangu, kapiga simu kutoka Nairobi saa tatu asubuhi. Anataka kitu chepesi cha gazeti la Jumamosi. Maneno mia saba. "Lakini Andati, tafadhali, si siasa na si miwa," akasema. Miaka ishirini na sita niko Kakamega nikiandika siasa na miwa. Nikamwambia nitatafuta.

Nimekipata saa nane, nyuma ya duka la spea za pikipiki karibu na stendi. Chumba kimoja, skrini sita. Wateja karibu wote ni watu wa boda boda, na reflekta zao mwilini, wakingoja abiria. Wanacheza gemu moja tu – roboti kumi na wawili wanaolinda kambi. Mwenye chumba anaitwa Cindy. Miaka ishirini na saba. Gemu kaitunga mwenyewe pamoja na kaka yake.

Kila roboti ana herufi tatu na nambari. EOD-4. QRF-2. RTB-9. Vijana hawajui maana yake ila wanazitumia vizuri sana. Mmoja kainuka kwenda nyumbani kula, akaaga: "Wasee, mimi RTB." Mama wa chapati pale mlangoni wamempa cheo, wanamwita QM. Nikamwuliza mama mwenyewe kama anajua maana. "Sijui, lakini nikisikia hiyo najuanga wameshikwa na njaa."

Basi hiyo ndiyo habari. Herufi za kijeshi kwenye majina ya roboti, zina maana gani. Nyepesi kabisa.

Jumanne, 5 Agosti

Dakika arobaini na Cindy. Herufi ni za Kiingereza cha jeshini, lakini maana naweza kuiandika kwa Kiswahili bila shida. EOD ni wanaotegua mabomu – na roboti huyo kweli hutembea polepole, mbele ya wenzake. QRF ni kikosi cha kukimbilia dharura. RTB, rudi kambini. QM ni mwenye stoo, anayegawa chakula na blanketi. NTR-7 ni mpelelezi: hupanda kilima, hutazama, hurudi. Maana yake, hakuna la kuripoti. Nilicheka hapo. Kazi yangu yote ni kukimbia herufi hizo tatu.

Cindy huchora na kuandika programu. Majina na sheria ni za kaka yake, Koplo Wangila.

"Yeye ndiye alikuwa ananipangia sheria," akasema.

Nikauliza: alikuwa?

"Ako, mzee. Ni kuongea tu."

Kiti kimoja hakikaliwi, hata chumba kikijaa. Kina sweta ya rangi ya damu ya mzee mgongoni. Kijana mmoja alitaka kukivuta, wenzake wawili wakamzuia.

Nilingoja. Hatimaye Cindy akaniambia bila kuulizwa. Wangila alikwenda doria mpakani Aprili mwaka jana, gari lao likashambuliwa. Watatu walipatikana. Yeye hakupatikana, si mzima si maiti. Kila jioni alikuwa akimtumia dada yake ujumbe wa herufi tatu: NTR. Maana yake nimekula, niko sawa, lala. Wa mwisho ni wa tarehe 11 Aprili, saa moja na dakika sita. Nimeuona kwenye simu ya Cindy.

Roboti wa kumi na mbili anaitwa MIA-12. Vijana wanamsoma kama noti ya mia. Maana yake ni aliyetoweka vitani. Jina hilo Wangila alilitoa miezi miwili kabla ya ile doria. Sheria yake naiandika hapa kama nilivyoambiwa:

Asubuhi roboti hupanga mstari na kuitwa majina. Siku ya tano, MIA-12 haitikii. Nafasi yake iko wazi. Mchezaji anaweza kuweka roboti mpya hapo, na kambi itakuwa salama. Lakini akijaza nafasi, MIA-12 hatarudi kamwe. Akiiacha wazi, adui atapitia hapo kila usiku, na mchezaji atapoteza vitu vingi. Akivumilia, ipo siku atarudi.

Nikauliza siku gani. "Hatuambii wateja," akasema Cindy.

Nikamwuliza yule aliyesema RTB jana, yeye huchagua nini. "Naacha wazi. Nimepigwa mara kumi na nne. Lakini utajazaje nafasi ya mwenzako, mzee?"

Jumatano, 6 Agosti

Lugari. Sajini mstaafu Kipchirchir, miaka ishirini na mbili jeshini, sasa mahindi ekari sita. Nilitaka kuhakikisha herufi. Huwa siandiki jambo la jeshi kwa kinywa kimoja.

Zote sahihi. QM ilimchekesha. "Huyo roboti ni mnene? Lazima awe mnene." Akaeleza kwamba herufi zilianza kwa sababu ya redio: betri ni kidogo, na adui anasikiliza. Mtu hasemi sentensi anapoweza kusema herufi tatu.

Kisha akaikazia macho ile ya mwisho kwenye daftari langu, MIA. Akasema zipo mbili ambazo hakuwahi kuzisema kwa sauti mbele ya familia. KIA, aliyeuawa vitani. Na hii.

"Ipi ngumu zaidi?" nikauliza.

"KIA unaenda unakaa na mama yake, unalia naye, unarudi. Hii nyingine, anakuuliza swali. Na wewe uko na kofia mkononi."

Akanipa mahindi mabichi kumi. Nikarudi na mvua.

Alhamisi, 7 Agosti

Mayoni. Ni nyumbani kwa kina Cindy; sikuwa na haja ya kwenda, kwa habari ya maneno mia saba. Nilikwenda.

Mama yao anaitwa Pascalia. Miaka sitini na minne. Nyumba ya bati, miwa pande tatu. Nikamsalimu mulembe, akaitika, akanipa kiti, obusuma, ndio ugali, na mboga kabla ya swali lolote. Jeshi liliwaandikia barua mwezi wa Juni: baada ya miezi kumi na minne, Koplo Wangila anahesabiwa kuwa amefariki. Imekunjwa ndani ya Biblia. Nimeisoma mara mbili. Imeandikwa vizuri. Hakuna kosa hata moja ndani yake.

Mzee Wanzala, ndugu ya marehemu baba yao, ndiye anayesimamia. Ameamua mazishi yawe Jumamosi. Mwili haupo, kwa hiyo watazika mgomba, kama ilivyofanywa siku zote kwa mtu aliyepotelea mbali. Shina hukatwa siku hiyo hiyo, huvikwa nguo yake, hulazwa kaburini, watu wanalia, kumekwisha.

Tatizo ni nguo. Sanduku lake lilirudishwa kutoka kambini Oktoba. Mashati manne, suruali tatu, shuka, neti. Mama Pascalia alilifungua siku hiyo hiyo, akachota maji, akafua kila kitu kwa sabuni, akaanika, akapiga pasi ya makaa. Ndivyo alivyofanya kila likizo. Hakufikiri.

Mzee Wanzala alifika jioni akakuta nguo kwenye kamba. Nguo ya kuzikia mgomba sharti iwe na jasho lake. "Shemeji yangu amenifulia mtu wote," aliniambia, na hakuwa anatania. Mama alikuwa pale pale akisikia. Akaendelea kuchagua maharagwe.

Nguo iliyobaki na jasho lake ni moja, ile ya kitini kwa Cindy. Sweta. Cindy haitoi, na tangu barua ije hajaonekana Mayoni.

Aliponisindikiza hadi njiani, mama aliniambia: "Wewe unarudi Kakamega. Mwambie anipatie hiyo sweta."

Nikamwambia mimi ni mwandishi, kazi yangu si kubeba ujumbe.

"Kwani unabebanga nini?"

Nikatoa daftari. Akasema tena, kwa sauti ile ile ya kawaida: "Mwanangu, kila siku napakua sahani yake, halafu napea kuku. Mwaka na zaidi. Nataka mahali pa kwenda kulia. Si pa kungojea – pa kulia. Mwambie hivyo."

Niliandika maneno hayo palepale, nisije nikayapunguza.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemsomea Cindy maneno ya mama yake kutoka daftarini. Hakulia. Alizima skrini moja baada ya nyingine. Waendesha boda wakatoka wenyewe, na yule wa RTB akafunga mlango nyuma yake.

"Nikiwapa sweta, nimejaza nafasi," akasema. "Unaelewa, mzee? Hiyo ni sheria yake. Si yangu."

Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kumwuliza Jumanne. Je, MIA-12 hurudi? Amewahi kumwona mchezaji yeyote akimrudisha?

Akafungua kompyuta yake, akanionyesha faili. Sijui programu, lakini najua ukurasa mtupu. Kila roboti ana kurasa za maandishi. Kwa MIA-12 zipo za kuondoka tu – haitikii, nafasi iko wazi, adui anaingia. Chini yake mstari mmoja, wa Wangila: *Kurudi – nitaandika nikija likizo.*

Hakuna kingine. Vijana wa stendi wanavumilia mwaka mzima kwa ajili ya siku ambayo haijaandikwa.

"Unaweza kuiandika wewe," nikamwambia. "Wewe ndiye fundi."

"Naweza, jioni moja tu. Lakini nitaweka siku ngapi? Niambie wewe, unajua mambo. Siku ngapi?"

Akaniomba jambo hilo la faili nisilitie gazetini. Nikamwambia sitalitia. Hilo si siri ya serikali wala ya mtu mkubwa. Ni ya wenye nayo.

Nimetuma habari saa kumi na moja. Maneno mia saba na tisa. Kuhusu MIA-12 nimeandika: aliyetoweka vitani, nafasi yake kwenye mstari inaweza kujazwa au kuachwa wazi, na mchezaji ndiye huamua. Familia sikuitaja. Naliaka akapiga baada ya robo saa. Anaipenda.

"Lakini Andati, mwisho anarudi au harudi? Wasomaji watauliza."

"Haijathibitishwa."

"Ni gemu, Andati. Si mahakama."

"Haijathibitishwa," nikasema. Akacheka, akaiacha hivyo.

Jumamosi, 9 Agosti

Mayoni tena. Naandika nikiwa nimeketi kwenye gogo kando ya jiko la nje.

Nimefika saa saba. Kaburi liko tayari tangu asubuhi, limechimbwa na vijana wanne wa ukoo, kingo zimenyooka. Mgomba ulikatwa saa sita. Umelazwa juu ya mkeka kivulini, kipande cha urefu wa mtu, ukitoa maji kule ulikokatwa. Mzee Wanzala alimwambia aliyeukata: "Umekata mrefu. Wangila hakuwa hivi." Wakapunguza shubiri moja. Watu kama sabini. Mawingu upande wa Mumias.

Nguo hakuna. Kila aliyefika aliniangalia mikono kwanza.

Saa tisa kasoro kumi, pikipiki. Cindy, na yule kijana wa RTB akimwendesha. Amekuja na sweta – ameivaa yeye mwenyewe, na joto hili lote, mikono ikimpita hadi kwenye vidole. Begani begi la kompyuta. Watu wakapisha. Akapita mgomba bila kuutazama, akapiga magoti mbele ya mama yake.

Mama hakugusa sweta. Akasema, "Nimesomewa gazeti na mtoto wa jirani. Huyo wa kumi na mbili. Nionyeshe."

Mzee Wanzala akakohoa. "Shemeji, mvua inakuja. Hayo mambo ya kompyuta yatangoja."

Wakaiweka kompyuta juu ya kigoda. Nilisogea kwa sababu mama aliniashiria. Cindy alicheza haraka siku nne za kwanza. Siku ya tano roboti wakapanga mstari. Majina yakaitwa. Kumi na mmoja wakaitika, kila mmoja kwa taa yake. Kisha pengo. Mama Pascalia akaweka kidole kwenye kioo, juu ya lile pengo.

"Hapa ndipo alikuwa anasimama?"

"Ndiyo, mama."

"Na ni Wangila alisema pasijazwe?"

"Alisema mtu achague. Ukijaza, harudi."

Akakaa akitazama. Waimbaji wa kanisa walikuwa wameanza wimbo, wakauacha katikati. Nikamwona Cindy akianza kuvua sweta, mkono mmoja tu, kisha akasimama hivyo, nusu ndani nusu nje.

"Na mtu asipojaza," mama akasema, "huyu huwa anarudi?"

Hakumwuliza Cindy. Aligeuza shingo akaniuliza mimi. Wewe ndiye umeandika gazetini, akasema. Umeandika maana ya zote. Hii sasa hukumaliza.

Cindy ananitazama. Mzee Wanzala naye, jembe mkononi. Tone la kwanza limeanguka kwenye jani la mgomba.

Nimemwambia mama anipe dakika moja, niangalie daftari. Kisha nimerudi kwenye gogo hili. Nimepekua kurasa tangu Jumatatu. Niliyoyaandika ni kweli yote, na lipo moja tu analolitaka. Dakika imekwisha na nyingine imeanza, bado nashika kalamu, naandika haya ili nisiinue uso. Kutoka hapa nasikia pumzi yake. Hajaondoa kidole kwenye kioo. Anasema, polepole, kama mtu anayemkumbusha mgeni chakula kinapoa: "Andati. Nakungoja wewe." Nafungua ukurasa wa jana, penye mstari ule wa Wangila, na nakwenda kumsomea.