Msiba Ambao Sikwenda

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Gerezani hatujambo, na mguu wa babu yako umepona. Umeniuliza kama umkopeshe rafiki yako akiba yako yote.

Ujanani shoga yangu Mwanaidi alinikopesha mtaji wa kuuza vitenge Kariakoo. Biashara ikafa, nikawa namkwepa. Hata mama yake alipofariki, aibu ilinizuia kwenda msibani.

Nilipomaliza kulipa, aliniambia, "Pesa nimepokea. Lakini siku ya msiba nilimwangalia kila aliyeingia, nikidhani ni wewe."

Hatukuwa tena kama zamani.

Mpe rafiki yako kiasi ambacho hata akishindwa kurudisha, hataogopa kukutazama. Zaidi ya hapo kataa, umwambie mwenyewe. Atanuna wiki mbili, lakini utabaki naye.

Bibi yako, Mwanahamisi