Ukuta Ulioukandika Wewe

Mpendwa Mayu,

Mwadila, mama yangu, nakusalimu kwa salamu ya kwetu. Shuleni tunafundishwa kwamba barua ya kirafiki huanza kwa kuulizia afya. Nimekaa na kalamu muda mrefu nikaona hilo siliwezi. Basi nianze na habari yenyewe: baba ameiezua nyumba. Mabati yote yamehamia kwenye ile nyumba ya tofali za kuchoma aliyokuwa akiizungumzia tangu ukiwa hai, na chumba chako sasa kiko wazi juu. Nimependa ulisikie hilo kutoka kwangu, na usikie pia nilivyojaribu kukihifadhi chumba hicho mahali pengine kabla hakijaisha, na nilivyoshindwa.

Niko kidato cha tatu, Bariadi mjini, nakaa kwa shangazi. Shule yetu imeletewa kompyuta sita zilizokwisha kutumika huko zilikotoka, na Mwalimu Shija, anayetufundisha fizikia, ndiye mwenye ufunguo wa chumba zilimo. Ndani ya kompyuta moja kuna programu ya kutengeneza picha. Huchori kwa mkono. Unaandika: sakafu iko hapa, ukuta uko pale, mlango una upana huu, taa iko kule. Kompyuta inapiga hesabu mwanga utapita wapi na kivuli kitaangukia wapi, kisha picha inashuka polepole, mstari kwa mstari. Picha isiyozidi ukubwa wa daftari hula mchana mzima, na umeme ukikatika unaanza upya. Wenzangu waliichoka baada ya wiki moja. Mimi, ambaye unajua siwezi hata kutumwa kwa jirani kuomba chumvi, niliipenda kwa sababu haikunitaka nifungue mdomo.

Niliamua kutengeneza chumba chako. Picha yako tunayo moja tu, ile ya kipaimara cha kaka. Umesimama juani umekunja uso, kilemba kimekushuka hadi kwenye nyusi. Asiyekujua akionyeshwa hawezi kusema lolote juu yako. Lakini chumba nilikuwa nacho chote kichwani, na nilidhani nikikipata pamoja na mwanga wake, nitakuona ulivyokuwa ukikaa ndani yake.

Kosa langu la kwanza ungelicheka. Sisi tulikuwa na koroboi moja, ukienda nayo jikoni tunabaki gizani tukifinyana. Kwenye kompyuta taa ni bure, unaandika tu. Niliweka kumi na mbili: nne kwenye kona, saba juu kwenye bati, moja chini ya kitanda. Picha ilipotoka haikuwa na kivuli hata kimoja, na kitanda kilikuwa kinaelea.

"Minza," Mwalimu Shija akasema, "hiki ni chumba au uwanja wa mpira?"

"Mwacheni, mwalimu," mvulana mmoja akadakia kutoka nyuma, "huyo wa kijijini Kasoli ndiyo kwanza ameuona umeme!"

Darasa zima likacheka. Mwalimu akangoja wanyamaze.

"Kwenu mna taa ngapi?"

"Koroboi, mwalimu."

"Na mchana?"

"Hakuna. Kuna mlango."

"Basi weka mlango."

Nikafuta taa zote, nikaacha jua nje na mlango wazi. Picha ikatoka nyeusi tii, na kipande kimoja cheupe sakafuni kama karatasi iliyomdondoka mtu. Mwalimu alinieleza kwamba hesabu ile nyepesi huufuata mwanga hadi unapogonga kitu cha kwanza, basi, inaishia hapo. Mwanga wa kweli hauishii hapo. Ukigonga sakafu unaruka ukutani, kutoka ukutani unakwenda kwenye bati, na kila unapogonga unapungua na kuondoka na rangi kidogo ya pale. Ndiyo maana ndani mwetu mlikuwa na wekundu ule, Mayu. Ni sakafu iliyokuwa inaupaka mwanga rangi.

Tukawasha hesabu ndefu. Chumba kikatokea, lakini na giza zito ambalo sikulikumbuka. Nilihangaika nalo siku nyingi, nikafungua mlango zaidi, nikaongeza jua mpaka nje kukaungua kote kwa weupe, ndani bado giza. Halafu nikakumbuka tulikuwa tunakaa humo wakati gani. Ilikuwa msimu wa pamba. Tangu wanunuzi binafsi walipoanza kuja na malori yao, baba alikuwa anaifungia pamba ndani akisubiri atakayepanda bei, na ghala lilikuwa chumba chako. Lundo lilifika dirishani, likaliziba. Wewe ulikaa chini mlangoni ukichambua pamba safi na fifi, ile yenye madoa, na mimi na daftari langu la hesabu ukinifokea:

"Sogea huku kwenye pamba, wewe. Huko utaharibu macho."

Nilidhani ni maneno ya mama tu. Niliweka kitu kikubwa cheupe karibu na mlango, nikaiacha kompyuta ikichora tangu kengele ya asubuhi. Ilipofika saa tisa, bati lilikuwa linamulikwa kutoka chini. Pamba ndiyo ilikuwa taa yetu. Nikajua na uso wako ulikuwa unapata mwanga wapi: kwenye kidevu, chini ya pua, kwenye mikunjo ile chini ya macho ambayo juani haionekani. Hapo nusura nikuone. Nilitaka kumwambia mtu, nikajiuliza nitaanza vipi, nikarudi kuitazama picha.

Kilichobaki kilikuwa ukuta. Ukuta wangu ulikuwa laini kama beseni la plastiki, unang'aa. Likizo fupi ilipofika nilikwenda Kasoli kuutazama ule wenyewe. Nilikaa kitandani kwako hadi jua likashuka na kuingia mlangoni limelala, likapita juu ya ukuta kwa ubavu. Alama zote zikasimama. Viganja vyako, Mayu, kimoja baada ya kingine, vimepinda kama mundu, vidole vinne vinne, kutoka usawa wa kiuno changu hadi karibu na bati. Mchana wa jua kali ukuta ule ni mtupu. Chini yake kulikuwa na vialama vidogo vilivyokwenda kila upande. Hivyo ni vyangu. Ulinipa sehemu ya chini kwa sababu nilikuwa mfupi, ukaniambia, "Mimi naanzia pale unapoishia wewe."

Nilichukua rula na daftari nikaanza kupima, nikizitaja namba kwa sauti. Upana wa kidole, urefu wa mpindo, nafasi kati ya kiganja na kiganja. Ili nisipotee niliweka mkono wangu ndani ya alama ya mkono wako. Haukuenea. Vidole vyangu vilipita juu ya vyako karibu kiungo kizima. Nilikuwa nakumbuka mkono mkubwa, ule ulionishika kichwa chote wakati wa kuninyoa. Nilijaribu alama nyingine, na nyingine. Zote zilikuwa ndogo kuliko mimi.

Baba akatokea mlangoni akaliziba jua, ukuta ukafa.

"Unaongea na nani?"

"Napima, baba."

"Unapima nini? Nyumba yenyewe ndiyo hiyo inakwenda."

"Alama za Mayu."

Akagusa fremu ya mlango kama anayeangalia ubovu wake.

"Mafundi wanakuja Alhamisi," akasema. "Mvua hainisubiri mimi. Na mama yako angekuwepo, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kupanda juu kung'oa misumari, unamjua."

Nilitaka kumwambia asubiri. Maneno yote nilikuwa nayo. Nikasema, "Sawa, baba."

Niliporudi shuleni nikaingiza vipimo. Programu inataka namba tatu kwa kila alama. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Upana huo hapo. Urefu huo. Kina?"

Nikafungua daftari, nikalifungua tena upande wa pili.

"Kina sikupima, mwalimu."

"Sasa Minza, kivuli kinatoka wapi kama siyo kwenye kina?" Hakusema kwa ukali. "Lakini Kasoli si hapo tu? Nenda Jumamosi."

Ijumaa mvua ilinyesha tangu alfajiri. Iligonga bati la darasa mpaka tukaacha kumsikia mwalimu, naye akaacha kufundisha. Mimi nilikuwa nimekaa na kalamu mkononi, najua nyumba imeezuliwa jana, na hakuna kitu nilichoweza kufanya.

Jumamosi nilikuta tofali za tope ziko tupu. Udongo wako wote umeshuka, umelala chini ya ukuta, laini. Turubai lilikuwa limejikunja kwenye miiba ya zizi.

"Nilijaribu kuufunika," baba akasema bila kunitazama. "Upepo ukaling'oa."

Sina wa kumlaumu, Mayu, na hilo ndilo linalonichosha. Mwalimu ananiambia niweke namba yoyote, hakuna atakayejua. Ni kweli. Nikiweka kubwa ukuta unakuwa shamba lililolimwa kwa plau. Nikiweka ndogo unarudi kuwa beseni. Katikati kuna namba nyingi, na kila moja inanipa ukuta mzuri uliokandikwa na mwanamke fulani. Nimeshajua kiganja chako kilikuwa na upana gani. Ulikuwa unabonyeza kwa nguvu kiasi gani sijui. Nafunga macho nijaribu kukumbuka mkono wako mgongoni kwangu siku ulizoniogesha, kama ulikuwa mzito au mwepesi, na ninachokikumbuka ni ubaridi wa maji tu.

Naachia hapa, Mwalimu Shija amekwisha kushika ufunguo, anataka kufunga. Pumzika, Mayu.

Binti yako,
Minza