Karatasi ya Paka

Mjukuu wangu Saada,

Nakusalimu toka hapa Bungu. Sote wazima, na shangazi yako kajifungua binti mwenye sauti kama honi ya basi. Unauliza, rafiki yako akikupa paka wake, kuandikiana hati si kudharauliana? Hata kidogo.

Nikiwa msichana kule Mbwera, mwalimu mmoja wa bara alihamishwa. Paka wake, Sultani, akampa jirani yetu Bi Zuhura. Wakaenda kwa mjumbe, mwalimu akaandika mbele ya mashahidi kwamba tangu siku ile paka ni wa Bi Zuhura, na kwamba Sultani anaogopa radi. Tulicheka sana: karatasi ya paka!

Miaka ikapita, mwalimu akaja kututembelea. Sultani akamtambua, akajisugua miguuni mwake akilia. Bi Zuhura akauma pindo la khanga. Watu wakasema, "Mchukue, mwalimu, huyu wako."

Mwalimu hakuinama. Aliweka mikono nyuma.

"Bi Zuhura," alisema, "naomba ruhusa nimshike paka wako."

Sijaona tena uungwana kama ule. Basi andikianeni, mwanangu. Na rafiki yako akija kwako, mwache amshike.

Bibi yako,
Mwanaidi