Kiberiti cha Mholanzi

New Amsterdam, Berbice
Jumapili

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Toronto imeyapumzisha magoti yako. Huku tu wazima, na mto umejaa. Mjomba Clairmonte bado anakula mkate wake wa muhogo akiwa amesimama, kama ulivyomwacha.

Umeniuliza mara mbili kwa nini kaka yako hapeleki tena wageni ngomeni. Nilikujibu kwamba mashine ya boti imeharibika. Mama, mashine ni nzima.

Mwezi uliopita nilileta wenzangu wa chuo kuiona Ngome ya Nassau, magofu ya Waholanzi waliotutawala zamani. Mjomba alitupandisha mtoni, akamwaga ramu kidogo juu ya matofali kuwatuliza Waholanzi waliokufa, wasije wakatutokea ndotoni, kisha akasimulia kama alivyotusimulia utotoni: jinsi bibi yetu wa kale, Amimba, mwaka ule watumwa walipoasi, alivyoitia ngome moto kwa mkono wake. Mwenzangu mmoja akaninong'oneza huku akitabasamu, je, huyo mzee ni wa kwenu? Nikasema kwa sauti, wote wasikie, kwamba Mjomba anatupigia porojo. Ngome ilichomwa na Waholanzi wenyewe. Wakacheka. Nami nikacheka.

Jioni ile habari ilikuwa imeshafika gatini. Tangu hapo wauza samaki wanamwita Mholanzi. Wanamwuliza, “Mholanzi, kiberiti unacho?” Mmoja alimwomba asije akamtokea ndotoni, maana ramu imepanda bei. Mwanzoni aliwatukana. Juzi nilimsikia akiitika.

Nilichosema ni kweli, Mama, na nyuma ya ukweli huo nimejificha mwezi mzima. Lakini sikusema yote niliyoyajua. Waholanzi waliichoma ngome yao wakakimbia kwa sababu watu wetu walioasi walikuwa wanakuja, na Waholanzi waliwaogopa. Sentensi hiyo moja ingemwacha Mjomba na heshima yake. Ilikuwa mdomoni mwangu. Nikaimeza, kwa kuwa kicheko kilikuwa upande wangu na nilikipenda.

Jumamosi, gati litakapojaa, nitakwenda kuisema sentensi hiyo palepale, mbele ya wauza samaki. Mjomba asiponitazama, sitamlaumu. Tafadhali usimpigie simu kuniombea msamaha.

Wasalimie majirani wa huko, na usitoke bila soksi nzito. Ukimpigia Mjomba kwa jambo lingine, mwite Clairmonte. Ni siku nyingi hajaitwa hivyo.

Mwanao,
Ulrica