Hukufa kwa Nimonia, Mama

Mpendwa Mama,

Nakuandikia nikiwa Magadi, kwa dada Mwende. Nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma kwa sababu ndani hakukaliki kwa joto. Mtoto wake wa kwanza amelala mkekani kando yangu. Wewe hukumwona. Ana miezi mitano, na akikasirika anakunja pua kama Baba. Naogopa, Mama, na kwa walio hapa siwezi kusema ninavyoogopa, maana wote wananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayejua.

Uliniacha nikiwa darasa la sita. Sasa nimemaliza kidato cha nne, lakini sijabadilika sana. Bado ni yule mtoto uliyesema kwamba kuku wa jirani wakija kula unga mkononi mwake hataweza kuwafukuza. Ulikuwa unanituma dukani pale Noonkopir, mtaani kwetu Kitengela, nami narudi bila chumvi kwa sababu watu wazima walikuwa wamejaa mbele nikashindwa kuita. Hukunichapa. Ulinirudisha, kisha ukasimama nje ukijifanya unaanua nguo, kumbe unanitazama mpaka nifike.

Ule mwaka wa mvua ya Elnino, matope meusi ya Kitengela yalikuwa yanavua watu viatu barabarani, na wewe ulikuwa na mdogo wetu Kioko, bado mchanga, mikononi. Siku moja ulichukua mkono wangu ukauweka kwenye titi la kushoto, karibu na kwapa, ukasema, "Gusa hapa. Si ni kama kokoto?" Nikagusa, nikacheka. Hata wewe ulicheka, kwa sababu halikuwa linauma. Ulisema ni maziwa.

Nyanya yetu, Susu, akaja kutoka Machakos na kitana chake cha mbao. Mimi ndiye niliyepuliza jiko. Alikipasha kitana moto, akakipaka mafuta ya kondoo, akalichana titi kutoka juu kushuka hadi kwenye chuchu, akisema maziwa yaliyolala lazima yaamshwe. Ulikuwa unauma pindo la leso na kuniambia nikuimbie nyimbo za kanisani ili usisikie uchungu. Nami niliimba, chini chini, nikiangalia ukuta. Susu alikupenda, Mama. Alikuwa amemchania shangazi hivyo hivyo na akapona. Hakuna aliyekutakia mabaya katika chumba kile.

Baadaye ngozi ya titi ikawa na vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu ikaingia ndani. Ulianza kuvaa shati la Baba hata ukienda sokoni. Ulipofika hospitali ya Kajiado, kilikuwa kidonda tayari. Baba alizungumza na daktari mlangoni, na aliporudi kwetu alikuwa amevua kofia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya nje ya kanisa.

Tulipofika nyumbani ulinivuta kitandani kwako. "Nduku, watu wakiuliza, sema niko na nimonia. Hili la titi libaki ndani ya nyumba."

Nikaitikia. Siku ya mazishi yako, kila mtu aliyesimama kuongea alisema nimonia, na mimi nikatikisa kichwa pamoja nao. Nilipokua ndipo nilipoelewa. Watu walisema ugonjwa ule uko kwa damu, kwamba nyumba ikiingiwa nao wasichana wake hawaolewi. Ulikuwa unatukinga mimi na Mwende.

Na kweli Mwende aliposwa. Wazee wa upande wa Mutua, bwana yake, walipokuja kwetu, waliuliza, kama ilivyo desturi, iwapo kwetu kuna ugonjwa unaofuata ukoo. Baba alijibu kwamba mke wake alichukuliwa na nimonia. Mwende aliinamisha kichwa. Mbuzi wakaliwa, na dada akaja kukaa huku Magadi, ambako Mutua anafanya kazi kwenye kiwanda cha magadi.

Nilipomaliza mtihani nilitumwa nije nimsaidie kufua nepi. Nilimkuta mama mkwe wake, Mama Mutua, amekuja kumwona mjukuu. Ni mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi, na anampenda Mwende, nimeliona hilo kwa macho yangu. Asubuhi ya kwanza akaniambia niwashe jiko. Kisha, kwa kuwa mtoto alikuwa akilikataa titi la kushoto, akatoa kitana kwenye mkoba wake.

"Ni ziwa limelala tu," alisema akimfungua Mwende blauzi. "Watoto wa siku hizi hawanyonyi, wanaonja. Kama mgeni aliyekula kwingine."

Mwende alicheka huku machozi yakimtoka. Alipoinua mkono niliiona ngozi, Mama. Ilikuwa ganda la chungwa.

Jikoni nilimwambia Mwende nilichokiona. Alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu. Kumbe uvimbe ule aliujua tangu akiwa mjamzito, na hakumwambia mtu. "Nyamaza, Nduku. Mimi hapa ni mke wa watu. Wakijua tuliwaficha, unataka nirudishwe Kitengela na mtoto mgongoni?"

Siku ile yote nilifua nepi zilizokwisha kuwa safi. Nikinyamaza, nampoteza kama nilivyokupoteza. Nikisema, nyumba yake inavunjika na mimi ndiye niliyeivunja, tena kwa kuvunja neno nililokupa wewe ukiwa kitandani. Sikuweza kula. Kila nilipomwangalia Mwende niliona shati la Baba.

Asubuhi iliyofuata niliambiwa tena nipulize jiko. Nikapiga magoti mbele yake na pumzi haikutoka.

"Huyu wa kidato cha nne anapuliza makaa kwa macho?" Mama Mutua akauliza.

Niliongea nikitazama jivu. "Mama Mutua, hivi ndivyo mama yetu alivyochanwa. Hakufa kwa nimonia. Alikufa kwa kansa ya titi."

Mwende alijifunika uso kwa leso ya mtoto. Mama Mutua alibaki ameshika kitana hewani.

"Lilianza hivi?"

"Hivi hivi. Hata halikuwa linauma."

"Na baba yenu alikula mbuzi wetu akijua."

"Ndiyo, Mama Mutua."

Nilingoja atufukuze. Alikisukuma kitana chini ya mto, akasimama, akamfunga mtoto mgongoni. "Nitaongea na baba yenu siku yake ikifika. Mwende, vaa viatu."

Muuguzi aliyempokea dada hospitalini hakutugombeza. Alisema maziwa huganda kweli, mama akapata homa na maumivu, kisha akatibiwa yakaisha. Lakini uvimbe mgumu usioondoka, hata usiouma, na ngozi kuvutika namna ile, si vya kuchana wala kukanda. Ni vya kuonyeshwa daktari mara moja. Hakusema ni kansa. Alisema hakuna awezaye kujua mpaka Nairobi wakate kipande wakipime. Mama Mutua akawageukia wanawake waliokaa kwenye benchi. "Mmesikia? Na mimi nimechana matiti ya nusu ya kijiji chetu." Walicheka. Kisha mmoja wao, aliyekuwa ameleta tu mtoto mwenye kikohozi, akainuka akamwomba muuguzi amwangalie na yeye.

Mama, kama tungelitamka jina la ugonjwa wako, labda mwanamke kama huyo angeinuka Noonkopir pia. Silisemi kukulaumu. Ulitukinga na ulichokiona. Lakini kile ulichotufichia hakikutuacha.

Muuguzi alinifundisha kujipima mimi pia, kwa vidole vitatu, kwa mzunguko, mpaka kwapani. Nikioga najaribu, lakini sijui ninachogusa ni nini. Nimewahi kulia kwa sababu ya mfupa wa ubavu. Nina miaka kumi na minane na naogopa mwili wangu mwenyewe.

Mutua aliposikia alikaa kimya kwa siku mbili. Mwende hakujua kama afunge nguo zake au apike. Jana Mutua aliomba ruhusa kazini ili atupeleke Nairobi Jumatatu. Leo dada amemnyonyesha mtoto kwenye titi la kulia huku akimtazama kama anayemkariri. Ameniuliza ulikuwa na umri gani ulipougua. Nikamwambia sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana, Mama. Hata wewe ulikuwa bado kijana.

Muuguzi ametuambia kitu cha kwanza daktari atakachouliza: kama kuna mtu katika familia aliyeugua ugonjwa huu. Mwende amesema ulimi wake hautaweza, kwamba amesema nimonia miaka yote hii mpaka imekuwa kweli. Kwa hivyo nitaingia naye. Mutua atakuwa amekaa pale, na mama yake. Daktari atakapouliza, nitasema jina lako lote, kisha nitasema ulikufa na nini, na sitatazama sakafu.

Kaa karibu nasi Jumatatu.

Mimi, mtoto wako wa pili,
Nduku