Ukanda wa Paji la Uso

Doonside, Sydney

Mama yangu mpendwa Chibalonza,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Magoti yako yanaendeleaje? Na mvua za Bukavu, bado zinabomoa njia? Mimi ni mzima wa mwili, namshukuru Mungu. Dada Aksanti akusomee barua hii polepole, asiruke mistari kama kawaida yake.

Unamkumbuka yule mzee Gagnon, Mkanada niliyepewa kumtunza kwenye nyumba ya wazee? Uzee ulimwondolea Kiingereza, akabaki na Kifaransa, nacho wanawe hawakijui. Kwa hiyo tulizungumza sisi wawili tu, nikimnyoa na kumlisha.

Alipenda kunisimulia habari za mababu zake, wapiga kasia waliosafirisha ngozi za manyoya kwa mitumbwi ya magome ya miti. Walipiga kasia kutwa wakiimba, wakipumzika kuvuta kiko, hata urefu wa safari waliuhesabu kwa idadi ya viko walivyovuta. Kwenye maporomoko walishuka na kubeba mizigo mgongoni, ukanda kwenye paji la uso. Nilicheka, Mama! Nikamwambia mama yangu hubeba hivyo hivyo magunia ya unga pale Kadutu. Mzee akavua kofia, akataka kujua jina lako.

Nikamshtakia ugomvi wetu: kwamba nakusihi uache mizigo, nawe kila alfajiri unatoroka na ukanda wako kwenda kubeba na wenzako. Hakuniunga mkono. Alisema babu yake alipozeeka, wanawe walimfichia kasia wakamkalisha karibu na moto. Akawa anakula vizuri, lakini hakuimba tena. Nilikasirika, nikamwona mkaidi kama wewe.

Mama, mzee Gagnon alifariki wiki iliyopita. Tangu hapo nakwenda kazini, narudi, napika ugali wa mtu mmoja. Nilikuandikia kwamba nina marafiki wengi. Sina hata mmoja. Nalia, na sioni aibu kukuambia. Kweli mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: uzito wa upweke sikuujua mpaka uliponipata; nilidhani nakupumzisha, kumbe nilitaka kukutoa kwa wenzako wa njiani, ukae peke yako kama mimi.

Nenda, Mama. Gunia liwe nusu, lakini nenda.

Wasalimie wote mnaopanda nao kilima. Sijawahi kukuuliza majina yao. Nitumie, niwe nawataja ninaposali.

Mwanao akupendaye,
Olivier