Safari ya Kwenda Kuona Nyumbu

Mama yangu,

Huko uliko hakuna posta, najua, na hata ingekuwepo ungempa mtu akusomee barua halafu ungebishana naye. Lakini nimechoka kujiuliza peke yangu. Ile safari ya Mugumu, tulikwenda kufanya nini?

Uliniambia tunakwenda kuona nyumbu. Niliamini kwa kuwa nilikuwa mtoto. Sasa nina wajukuu, na bado sijamwona mama wa Kikurya anayeacha ulezi shambani akafunga safari kwenda kutazama wanyama asioweza kuwala. Na wewe hukuwa mtu wa matembezi. Hata kisimani ulikwenda mbio kana kwamba umeacha chungu motoni.

Kwa kuwa barua hii itasomwa na wengine, niwaeleze kidogo. Aliyekuoa ni Bibi Robi. Hakujaliwa mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe kwa baba yako, akakuleta kwake umzalie watoto wa kuendeleza nyumba yake, kama desturi yetu ilivyo. Baba wa watoto hakutajwa wala hakuulizwa. Na mwanamke akiondoka katika ndoa hiyo, watoto hubaki kule ng'ombe walikotoka.

Asubuhi ile ulifunga nguo zetu zote, hata blanketi langu. Bibi aliliona furushi. Aliingia ndani akatoka na kuku, akakukabidhi, akatusindikiza hadi barabarani. Alidhani tunakwenda kusalimia watu, au alikuwa anakuaga? Hapo ndipo akili yangu inapogoma kila mara.

Pale Kirumi tulivuka mto kwa pantoni, ukafumba macho mpaka ng'ambo. Kisha lori, kisha lori jingine, na Mugumu ikatupokea kwa vumbi lake. Mimi nilifurahi mno. Tuliuzunguka mji wote, na haikuchukua muda. Katika duka la ushirika kulikuwa na chumvi na viberiti tu, na muuzaji amekaa amekunja mikono, analinda rafu tupu. Ulicheka. Sikuzoea kukuona ukicheka barabarani.

Halafu tukafika kwenye baraza la Fundi Hamisi, mshona nguo. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia, akanitazama, akasema nimekua. Nimekua kutoka wapi, na mimi sijapata kumwona? Wewe ukaanza kuzungumza naye Kiswahili, tena chepesi, wewe ambaye nyumbani ulikuwa Kikurya mtupu. Nilikaa katikati yenu nikidaka neno hapa na neno pale, kwa Kiswahili changu cha shule.

Kesho yake alifunika cherehani akatupeleka Machochwe. Watu walikuwa wamehamishiwa kijiji kipya, nyumba zimepangwa mistari, zote sura moja. Mama mmoja, mteja wake, alitukaribisha vizuri sana, kumbe katika nyumba ya jirani. Akaomba radhi, akatupeleka kwake.

Tulipotoka pale tukawakuta nyumbu. Mbuga yote nyeusi, inatembea, inakoroma. Niliuliza ni ng'ombe wa nani. Fundi akasema ni wa taifa. Nikauliza kama wanaweza kutolewa mahari. Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. Wewe hukucheka.

Baada ya hapo alisema nawe maneno mengi, haraka haraka, akionyesha upande wa Mugumu, akinionyesha mimi. Nilishika neno nyumba, nikashika neno shule. Wewe ulikuwa unang'oa majani, unang'oa tu, mpaka ukabaki udongo mtupu mbele yako. Ndipo ukajibu, polepole, nami nikaelewa kila neno.

"Huyu ana kwao," ulisema. "Na mimi ninaye yeye tu."

Asubuhi iliyofuata tukapanda lori la kurudi. Bibi alituuliza habari za nyumbu, ukasema ni wengi. Basi. Nilikuuliza kuhusu safari ile nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza, ukanituma nikatazame kama maharage yanaungua. Wanasema mficha uchi hazai. Wewe ulizaa, na bado ukaficha.

Mama, nakukasirikia. Kama alikuwa baba yangu, ulinipeleka anione au tukaishi naye? Kama hakuwa baba yangu, kwa nini alinijua? Ulitaka kuniiba katika nyumba ya Robi, halafu ukaogopa? Au ni mimi niliyekurudisha, na maisha yako yote baadaye, kuni, jembe, na yale macho yako ya jioni, yalikuwa kwa ajili yangu? Nikishika jibu hili, lile linaponyoka.

Mwaka jana nilikwenda Mugumu. Fundi bado yuko, mzee sasa, baraza jingine, miwani imefungwa uzi. Maswali nilikuwa nimeyapanga tangu Tarime. Nikamwamkia, akaacha kushona.

"Wewe ni wa nani, mama?" akauliza.

"Wa nyumba ya Robi."

Jibu lilitoka lenyewe. Sikujua kama nilikuwa nakulinda wewe, au Bibi, au yeye. Kisha akaniuliza kama u hai, nikamwambia ukweli. Alivua miwani akafuta macho kwa kitambaa kilichokuwa kwenye cherehani, sare ya mtoto wa mtu, akaendelea kufuta hata yalipokwisha kukauka. Maswali yangu yakabaki tumboni. Tulikaa barazani mpaka basi langu lilipopiga honi.

Kama ni baba yangu, basi nimepata kukaa na baba yangu alasiri moja. Kama siye, nimekaa na mtu aliyekulilia. Nilipofika kaburini kwako sikujua nikuletee habari ipi kati ya hizo, nikang'oa magugu nikarudi nyumbani.

Pumzika, mama. Hasira yangu isikusumbue; ni ya mtu anayekupenda na hakuelewi.

Ni mimi mwanao, uliyerudi naye.